Viporo vya sindano: shajara ya kumaliza mifarishi mitatu, na mikoba iliyozaliwa humo

Naandika haya kwa wenzangu wanaoanza kushona kitu kwa furaha kisha kikaishia mfukoni. Nina mifarishi mitatu isiyokwisha na boksi la vipande. Mkubwa kati ya hiyo ni zawadi ya mpwa wangu anayeoa tarehe 26 Aprili. Yeye hajui, kwa hiyo hakuna wa kunisukuma ila mimi mwenyewe.

Ili tuelewane: mfarishi ni blanketi la tabaka tatu zilizoshonwa pamoja. Uso ni ile sehemu ya viraka inayoonekana juu, mgongo ni kitambaa cha chini, pamba ni tabaka la katikati, na mkanda ni ule ukanda unaozungushwa ukingoni kufunga tabaka zote tatu. Gharama nitaihesabu kwa saa, uzi na sindano.

4 Januari: kufungua mfuko

Nilimwaga kila kitu sakafuni, nikabandika kikaratasi kwenye kila mfarishi kujibu swali moja: niliuacha kwa nini? Nilitarajia kuandika "sikupata nafasi" mara tatu. Sikuiandika hata mara moja.

Wa kwanza, sentimita 180 kwa 210, nilikuwa nimeshona nusu yake. Siku moja nikaugeuza, nikakuta mgongo una mikunjo iliyoshonewa humo humo, nikaufunga nisiuone. Wa pili ni wa mtoto, mwekundu na mweupe, sentimita 90 kwa 110. Umebakiza mkanda tu, na mkanda ndio kitu ninachokiogopa, kona zake hasa. Wa tatu ni uso mtupu, miraba 10 kwa 12, na mistari yake haikutani. Kwa hiyo muda haukuwa tatizo. Kila mmoja ulisimama pale pale nilipokosea au nilipoogopa kukosea.

Hasara ya kwanza niliikuta kabla sijatunga uzi. Mfarishi mkubwa ulikaa miaka miwili na pini za kufunga ndani yake, na 14 zilikuwa zimeshika kutu. Kila moja imeacha doa la kahawia mgongoni. Maji ya limau na chumvi, kisha jua la kutwa, yalitoa madoa tisa. Matano yamebaki. Mgongo wangu ni mweupe ndiyo maana nilithubutu. Kitambaa cha rangi kingeweza kupauka. Kama unaacha kazi kwa zaidi ya mwezi, toa pini upige bandi kwa uzi, yaani mishono mirefu ya muda.

11 Januari: kufumua

Nilitafuta njia ya mkato kwanza. Nikafumua penye mikunjo tu, nikavuta kitambaa kwa kiganja, nikashona tena. Mkunjo ukaondoka pale ukajitokeza mbele kidogo, kama sentimita 20. Kitambaa kilichozidi hakipotei, kinahama. Nikakubali kufumua nusu yote.

Hapa kuna ujuzi ambao ningependa kuujua zamani. Usichomeke kisu cha kufumulia chini ya kila mshono. Laza kazi upande wa mgongo, kata mshono mmoja, ruka minne, kata mwingine, hivyo hivyo mstari mzima. Kisha geuza upande wa uso, shika ncha ya uzi, uvute taratibu. Unakuja mzima mzima kwa mlio mdogo wa trrr, na mgongoni vinabaki vipande vifupi ambavyo unavizoa kwa utepe wa gundi uliozungushwa vidoleni. Uzi ukigoma usiulazimishe. Ujue kuna mahali umeruka bila kukata.

Nililazimisha mara moja. Nikatoboa uso, tundu la ukubwa wa kichwa cha pini. Nimeliziba kwa kiraka chenye umbo la jani, kilichoshonwa kwa mkono.

Gharama: jioni nne, saa tisa hivi. Na uvumilivu wa watu wa nyumbani.

18 Januari: kutandika upya

Mikunjo ilikuwa na sababu tatu, na zote nilizitengeneza mimi. Nilitandika mgongo juu ya zulia, ambalo linashika kitambaa hakinyooki. Niliweka pini mbalimbali mno, sentimita 20 na zaidi. Na nilishona kwa mguu wa kawaida wa cherehani. Meno ya chini yanavuta mgongo kwenda mbele, mguu unakandamiza uso usogee polepole, basi tabaka zinaachana njiani.

Safari hii nilitandika kwenye sakafu tupu. Mgongo unalala upande wake mzuri ukitazama chini, umezidi uso sentimita 10 kila upande, unabandikwa kwa utepe wa karatasi: kwanza katikati ya kila ubavu, mwisho kona. Jaribio la kwanza niliuvuta ukakaza kama ngozi ya ngoma, nikajisifu. Nilipobandua utepe, kitambaa kikarudi kilikotoka na mikunjo ikazaliwa mbele ya macho yangu. Nikarudia yote. Kinatakiwa kinyooke tu.

Pini ni moja kila penye upana wa kiganja, sentimita 10 hivi. Kwa ukubwa huu zinahitajika zaidi ya 350, nami ninazo 200. Pembeni nikapiga bandi kwa mkono, mishono mirefu ya sentimita tano. Magoti yalilalamika hadi Jumatatu.

2 Februari: mfarishi mkubwa umeshonwa

Nilipata mguu wa kutembea, ule wenye meno yake juu unaosukuma uso sawasawa na meno ya chini yanavyosukuma mgongo. Kama utanunua kifaa kimoja tu kwa kazi hii, nunua huo kabla ya uzi wa mapambo na rula za maumbo. Sindano namba 90/14, urefu wa mshono milimita 3, mistari ya sentimita nne kwa nne, ukianzia katikati na kutoka nje ili ziada yoyote isukumwe ukingoni.

Mstari wa tatu, uzi ukajifunga matonge chini ya kazi. Nilihangaika na kidhibiti cha mkazo saa nzima, nikatoa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, nikairudisha, nikapulizia vumbi. Kosa lilikuwa juu. Nilitunga uzi mguu ukiwa umeshushwa, na mguu ukishuka zile sahani za mkazo zinabana, uzi hauingii katikati yake. Nikainua mguu, nikatunga upya, tatizo likaisha. Tangu siku hiyo, nikiona tonge chini naangalia juu kwanza.

Kosa la pili lilinifikia kwa sikio. Sindano ilianza kugonga, tuk, tuk, kila inapoingia. Ilikuwa imebutuka na nilikuwa naona uvivu kuibadilisha. Uso una vitundu vidogo kwenye mistari miwili kwa sababu ya uvivu huo. Vingine vilizibika nilipokwangua kwa ukucha na kunyunyizia maji.

Mstari mmoja ulikwenda pembeni sentimita moja na nusu. Nilishika kisu cha kufumulia nikakiweka chini mara mbili. Kuna picha za mifarishi ya wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama huko Marekani, ambazo huwa nazirudia: viraka vya nguo za kazi zilizochakaa, mistari inayopinda inavyotaka, na kazi hizo zilitundikwa jumba la makumbusho la Whitney, New York, mwaka 2002. Sijilinganishi nao. Kupinda kwao kuna jicho nyuma yake, kwangu ni kusinzia. Ila nimeuacha.

Gharama: saa 14, bobini sita, sindano tatu, uzi kama mita 500 ukijumlisha juu na chini.

9 Februari: vipochi vya zipu

Baada ya mwezi mzima na kitu kimoja nilitaka kazi inayoanza asubuhi na kuisha jioni. Nilipopunguza kingo za mfarishi mkubwa nilibaki na vipande virefu vya mgongo na pamba. Nikavishonea viraka juu, nikapata kitambaa kinene cha kutosha vipochi vitatu. Kila kimoja: vipande viwili vya nje vya sentimita 24 kwa 18, viwili vya bitana vya ukubwa huo huo, na zipu. Zipu inalazwa katikati ya kitambaa cha nje na bitana, unashona upande mmoja, kisha wa pili, halafu unashona kuzunguka na kuacha upenyo kwenye bitana wa kugeuzia.

Kipochi cha kwanza kilinivunjia sindano. Iligonga kile kizuizi cha chuma mwishoni mwa zipu, na ncha ikaruka karibu na jicho. Sasa nanunua zipu ya nailoni ndefu kuliko ninavyohitaji, sentimita 30 kwa kipochi cha 24, ili vyuma vyote vibaki nje ya njia ya sindano. Meno ya nailoni unaweza kuyashona juu polepole. Ya chuma usijaribu.

Cha pili nilikishona kuzunguka zipu ikiwa imefungwa. Ukishafanya hivyo umejifungia nje. Bitana inageuka vizuri, ila sehemu ya nje imebaki gerezani. Niliingiza vidole viwili kupitia upenyo, nikapapasa mgongo wa zipu hadi nikakipata kichwa chake, nikakisukuma kwa ukucha, meno mawili, matatu, kikakwama, tena. Dakika kumi. Cherehani yangu sasa ina kikaratasi usoni: ZIPU NUSU WAZI.

Cha tatu kilikuwa safi ila kona zake za juu zilivimba kama mashavu, kwa kuwa zipu, bitana na pamba vyote vimebanana kwenye mshono wa ubavuni. Dawa ni kuvika kila ncha ya zipu kipande kidogo cha kitambaa, na zipu yenyewe iishie sentimita moja kabla ya ukingo wa kazi uliokamilika. Mshono wa ubavuni unapita kwenye kitambaa tu. Nilishona cha nne kuhakikisha. Kona zimekaa kali.

16 Februari: mkoba wenye kitako

Huu nautolea hesabu kwa sababu watu hukata kwa kubahatisha. Ukikata mraba wa sentimita nne kwenye kona mbili za chini za kila kipande, ukashona chini na ubavuni, kisha ukakutanisha mshono wa ubavu na wa chini na kushona kona kwa kiasi kile kile cha mshono, kitako kinakuwa na upana wa sentimita nane. Mraba mara mbili.

Bitana yangu ilijikusanya chini kama soksi iliyolegea. Nilikuwa nimeikata na kuishona sawa na mkoba wa nje, lakini inakaa ndani, kwa hiyo ina nafasi ndogo zaidi. Nikaishona tena milimita tatu ndani zaidi kila upande, ikatulia. Mpini mmoja niliushona ukiwa umejisokota nusu duara, nikagundua baada ya kugeuza. Umebaki hivyo, na huo mkoba ni wangu.

23 Februari: vishikio sita vya sufuria

Hii ilikuwa mbinu ya kujidanganya. Kila kishikio kina kona nne za mkanda, na vishikio sita ni kona 24, na hakuna atakayelia kimoja kikiharibika. Kona za kwanza zilikuwa aibu, mviringo wa ajabu. Nilikuwa nashona hadi mwisho wa ukingo. Unatakiwa usimame kabla ya ukingo kwa umbali ule ule wa mshono, milimita sita kwangu, ukate uzi, uupandishe mkanda juu ukitengeneza mshazari, uushushe chini ukilingana na ukingo, uanze upya. Kuanzia kona ya kumi mikono ilijua yenyewe.

Bahati mbaya vishikio viwili nilivitia pamba ya poliesta iliyobaki. Nilivijaribu mwenyewe kabla ya kumpa mtu, nikaliachia sufuria. Poliesta ikipata moto mkali inasinyaa na hata kuyeyuka. Kwa kitu cha jikoni tumia pamba halisi, tabaka mbili. Vile viwili vimekuwa vya kuwekea vikombe.

2 Machi: mkanda wa mfarishi wa mtoto

Mzunguko ni sentimita 400, nikaongeza 30. Vipande vitano vya upana wa sentimita 6.5, vimeunganishwa kwa mshazari, vimekunjwa mara mbili kwa pasi. Kona nne zilipita bila hata kushusha pumzi. Miaka miwili niliogopa kazi ya dakika ishirini!

Nilikwama nisikotegemea, kwenye kuunganisha ncha mbili za mwisho. Nilikata zikutane bila kupishana, nikasahau kwamba mshono wa mshazari unakula. Ukanda ukapungua sentimita 6.5 kamili, nikalazimika kuchomeka kipande. Kanuni ni kwamba ncha zipishane kwa upana wa mkanda uliofunguliwa. Na bana kwa pini, laza mfarishi uone kama mkanda haujajisokota, ndipo ukate.

9 Machi: nyekundu imetoka

Nilifua mfarishi wa mtoto mara ya kwanza na nyeupe zikatoka waridi. Nilikuwa sijajaribu kitambaa chekundu kabla ya kukikata, kazi ya kusugua kitambaa cheupe kilicholowa juu yake kwa nusu dakika tu.

Usikaushe, na usipige pasi. Joto kavu ndilo linalofunga doa. Niliurudisha ukiwa bado mbichi kwenye beseni kubwa la maji moto tele, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Maji mengi ndiyo siri, rangi iliyotoka ielee isirudi kwenye kitambaa. Nikauacha usiku kucha umezama wote. Asubuhi maji yalikuwa ya rangi ya damu iliyopauka. Nikarudia mara tatu hadi maji yakabaki meupe. Nyeupe zimerudi, isipokuwa mraba mmoja wa pembeni ambao una haya kidogo hadi leo.

22 Machi: mkanda wa mkubwa, na wino uliofufuka

Hesabu yangu: mzunguko 780, jumlisha 30, gawanya kwa 105 zinazotumika kwenye upana wa kitambaa, napata vipande nane. Nikakata vinane. Vikashonwa, nikapima: sentimita 794. Viungo saba vya mshazari vilimeza 45, na hizo sikuzihesabu. Kitambaa kile kimekwisha, hivyo kipande cha tisa ni cha rangi nyingine. Nikakiweka ubavuni mbali na kona, kionekane kimepangwa. Upande wa nyuma nimeushona kwa mkono, jioni tano, subana kidoleni.

Mistari ya kushonea niliichora kwa kalamu ya wino unaofutika kwa pasi, na ulifutika vizuri. Kisha nikakumbuka kusikia kwamba baridi huurudisha. Nikatia kipande cha majaribio kwenye friza usiku mmoja. Asubuhi mistari yote ilikuwa imerudi, kama haijawahi kuondoka. Pasi huficha wino tu. Nimeufua mfarishi mzima pamoja na kile kipande, nikakirudisha frizani kilipokauka. Safari hii kimebaki cheupe. Zinazofuata nitachora kwa chaki.

5 Aprili: wa tatu nimeukata

Nilipima safu zote 12 za uso ule. Nyingine zina sentimita 120, nyingine 118.2. Nilizishona siku tofauti kwa miguu miwili tofauti ya cherehani, na mmoja ulikuwa unakula milimita moja zaidi kila upande wa mshono. Viungo tisa kwa milimita mbili, hiyo ndiyo sentimita 1.8 inayopotea.

Mdogo wangu aliingia akanikuta na mkasi. "Dada, unaukata? Kazi yote hiyo! Si uuvute tu kwa pasi?" Nilikuwa nimeuvuta. Pasi ya mvuke haimalizi sentimita karibu mbili. Lakini ndani ya miraba mitatu kuna viungo viwili tu, kosa la milimita nne, na hizo mvuke unazimeza. Nikakata juu ya mishono yenyewe, vipande vya miraba mitatu kwa mitatu. Miraba 10 kwa 12 inatoa vipande 12 vya namna hiyo, yaani mikoba sita, kila mmoja kipande cha mbele na cha nyuma, na safu moja ya miraba 12 inabaki. Mistari inakutana. Mkoba wa kwanza aliuchukua yeye, aliyekuwa akiomboleza.

20 Aprili: kukabidhi

Mikoba sita, vipochi vinne, vishikio vinne vinavyofaa jikoni. Mfarishi wa mtoto umeshakwenda kwa mwenyewe. Mkubwa umepigwa lebo mgongoni, jina na mwaka kwa uzi wa kudarizi, juu ya doa moja kati ya yale matano ya kutu.

Nilipokuwa naukunja nikahesabu pini zilizomo koponi. 199. Niliingiza 200. Nikautandua, nikapitisha sumaku taratibu kutoka kona hadi kona, mstari kwa mstari, na ikanasa karibu na lile jani: pini imefungwa vizuri, imejificha kati ya uso na ncha ya kiraka, mahali ambapo mpwa wangu angelaza shavu.